Mkwe Aliyeomba Sabuni

Mume wangu Okumu alipofariki, mkwe wetu Emong alifika siku tatu baada ya mazishi. Alikuwa Bungoma, ng'ambo ya mpaka, akifungua injini ya lori, na simu yake ilikuwa imeisha chaji. Alipofika hapa Kiyeyi udongo wa kaburi ulikuwa umeshaanza kukauka juu. Hakuingia uani. Alisimama barabarani, akavua viatu, akalia peke yake mpaka mke wa Opendi akampelekea kigoda. Nilimwona kupitia upenyo wa ukuta wa jiko.

Opendi, mwanangu wa kwanza, hakumwona akilia, au alimwona asitake kuona. Alisema mkwe anayekuta kaburi limefungwa si mkwe tena. Akamzuia dada yake Akello asirudi Busia na mumewe. Akello alikuwa na mtoto mgongoni, Alungat, wa miezi minane. Wakabaki kwangu. Nilifurahi kuwa nao, sitasema uongo, lakini nilimsikia Akello alivyokuwa akinyamaza.

Ukoo ulikaa mara tatu juu ya jambo hilo. Mara ya tatu, Opendi alisema mbele ya wazee, "Sawa. Yeye si anajiita fundi? Trekta la baba liko pale bandani, limekufa miaka kumi na moja. Alifufue. Alime nalo shamba la chini, kutoka mwanzo hadi mwisho, mbele yenu nyote, bila kuzima hata mara moja. Akiweza, amchukue mke wake. Akishindwa, asilete mtu tena hapa."

Wazee walicheka. Mafundi watatu wa Tororo walikuwa wameshalitazama trekta lile na kwenda zao. Na kulikuwa na mchuuzi wa ng'ombe kutoka Lumino, jina lake Patroba, aliyekuwa ameanza kuuliza habari za Akello. Opendi alimpenda Patroba kwa sababu alicheka kila Opendi alipofungua mdomo.

Emong alipopelekewa maneno hayo alijibu neno moja tu: "Nitakuja."

Alikuja Jumatano kwa baiskeli, na sanduku la spana limefungwa nyuma kwa mpira. Kwetu mama mkwe na mkwe wake hawasemezani. Nikimkuta njiani, mimi naingia kwenye nyasi na yeye anageuza uso. Hali chakula mahali ninapomwona. Hapokei kitu kutoka mkononi mwangu. Si chuki, ni heshima, na kwa miaka saba Emong aliishika kuliko wanangu wanavyoishika Jumapili. Kabla ya kuzunguka pembe ya nyumba alikohoa mara mbili, ili nipate nafasi ya kujificha bila kukimbia, maana anajua goti langu ni bovu. Zamani kulikuwa na mti wa miiba uliokuwa ukinichana njiani kwenda kisimani. Asubuhi moja niliukuta umekatwa na miiba imechomwa. Hakuna aliyeniambia ni nani. Nilijua ni Emong, kwa sababu siku iliyotangulia alikuwa amekuja kututembelea, na wanangu wamepita hapo maisha yao yote.

Opendi alimkataza Akello kusogea bandani mpaka Jumamosi, siku ya wazee kuja. "Asije akamsaidia," alisema. "Huyu anajua spana kuliko kijiko." Ilikuwa kweli. Kule Busia Akello alikuwa akikaa na mumewe gereji kutwa, akimwoshea vyuma na kumshikia taa.

Kwa hiyo mke wa Opendi, Peace, ndiye aliyempelekea chakula, na ndiye aliyeniletea habari.

Emong alisafisha tangi lililokuwa limejaa kutu na viota vya nyigu. Alibadilisha plagi. Alinunua petroli kwa dumu, akaichuja kwa kitambaa cha shati lake. Ijumaa asubuhi tukasikia trekta linakohoa, halafu likanguruma, na kuku wote wakakimbilia chini ya ghala. Nilikuwa nachambua mchicha. Nilikaa chini, nikalia kidogo, kwa sababu sauti ile niliisikia mara ya mwisho Okumu akiwa bado na nguvu zake.

Haikudumu. Moshi mweusi ulitoka, kisha harufu kali ya petroli ikafika hadi jikoni, na likazima. Akaliwasha tena, likazima tena.

Peace alirudi na sahani tupu. "Mama, amenionyesha. Ni ile kabureta, inafurika. Ndani yake kuna kitu cha shaba, cha mviringo, kama yai. Anaita floti. Inaelea juu ya petroli. Petroli ikijaa, floti inapanda, inafunga sindano, petroli inasimama. Sasa imetoboka, kitundu kidogo kama cha pini. Imekunywa petroli, imekuwa nzito, inazama. Petroli haisimami, inamwagika tu."

"Anaweza kuitengeneza?"

"Amesema ataiziba. Nikamuuliza ataiziba na nini, ndipo bwana akaniita."

Saa tisa alasiri Emong aliondoka. Mkwe halali nyumbani kwa mama mkwe wake, kwa hiyo siku zote tatu alikuwa akilala kwa katekista. Alikohoa mara mbili, akapita nyuma ya choo, akaenda na baiskeli yake. Nami nikatoka nikaenda bandani.

Nilitaka tu kuona. Vyuma vya kabureta vilikuwa vimepangwa juu ya gunia kivulini, kimoja kimoja, kwa mpangilio mzuri kama sahani za arusi. Lakini vilikuwa vichafu, vina lami nyeusi na vumbi la miaka. Nikawafikiria wazee wakija kesho. Nikamfikiria Opendi akiviinua na kusema, tazameni uchafu wa fundi huyu. Nikafikiri pia kwamba mtu huyu amenitendea wema miaka saba, na mimi sijawahi kuwa na njia ya kumwambia asante. Sina ruhusa ya kumwambia. Lakini kuosha vyombo si kusema.

Nikachemsha maji. Nikaviosha kwa majivu na mswaki mkuukuu, kimoja kimoja, na kila kimoja nikakirudisha mahali pake kwenye gunia ili Emong asichanganyikiwe. Kile cha shaba, kama yai, kilikuwa na kigaga cheupe upande mmoja, kikavu, kama kinyesi cha mjusi. Hakikutoka kwa mswaki. Nikakikwangua kwa ukucha. Nilipokitumbukiza kwenye maji ya moto, viputo vidogo vikapanda kutoka pale nilipokwangua. Nikatabasamu. Nilidhani kimeshiba uchafu, kinapumua.

Vilipokauka viling'aa. Nikatandika chini yake kitambaa changu cheupe cha kanisani.

Jumamosi wazee walifika asubuhi. Mzee John Paul, mdogo wa marehemu mume wangu, ndiye aliyeketi katikati. Patroba naye alikuja, amevaa kofia mpya, akasema anapita tu. Sisi wanawake tulikaa jikoni, mimi nyuma ya ukuta kama inavyotakiwa, na Akello kando yangu na mtoto.

Emong aliingia bandani. Nilimwona akisimama mbele ya kile kitambaa cheupe. Aliokota floti. Aliigeuza. Aliitikisa sikioni, akapitisha kidole gumba pale kwenye kitundu. Halafu alitazama beseni langu, lililokuwa bado ukutani na majivu yake. Akainamisha kichwa.

Kisha alitoka, akasema kwa upole, kwa Kiswahili, maana yeye ni Mwiteso na sisi Wapadhola, na Kiswahili ndicho tulichokuwa nacho pamoja: "Shemeji, naomba kipande cha sabuni. Sabuni ya mche, kidogo tu."

Opendi alijishika kiuno. "Sabuni! Wazee, mmesikia? Mkwe amekuja kuoga kwa wakwe zake!"

Wakacheka wote. Patroba alicheka mpaka kofia ikadondoka.

"Tukuletee na taulo?" Opendi akasema. "Na mama aje akusugue mgongo?"

Hilo ni neno baya sana kwetu. Hata wazee wawili waliacha kucheka. Emong alitazama chini tu, akasema tena, "Kidogo tu, shemeji. Kama ukucha."

Kando yangu Akello alikuwa amesimama. "Mama," alisema polepole, "nani ameosha vile vyuma?"

"Mimi, mwanangu. Vilikuwa vichafu."

Hakunipigia kelele. Alifumba macho. "Sabuni ndiyo iliyokuwa imeziba, Mama. Petroli haiyeyushi sabuni. Ukiwa huna risasi ya kuchomelea, unasaga sabuni, unaziba, unaacha ikauke usiku kucha, na inashika hata mwezi. Maji tu ndiyo hayatakiwi."

Nilikuwa na mche mzima wa sabuni juu ya rafu. Nilikata kipande. Mimi siwezi kumpa, na Akello amekatazwa, basi nikampa Peace. Peace alikimbia nacho uani, lakini Opendi alimnyoshea mkono, na kwa kuwa ni mume wake, akamwekea kiganjani.

Opendi alinusa kile kipande. "Jana trekta liliwaka," alisema. "Tulilisikia wote. Jana hukuomba sabuni. Funga vyuma vyako ulime, wazee wana kazi makwao." Akatia sabuni mfukoni.

Ndipo nilipotoka nyuma ya ukuta.

Nina miaka sabini na miwili na sijawahi kufanya jambo kama lile. Nilitembea hadi katikati ya uwanja, mbele ya wanaume, na mkwe wangu akiwa hatua sita kutoka kwangu. Emong alipoona sketi yangu aligeuka haraka, akaupa mgongo uwanja. Niliongea nikimtazama John Paul peke yake.

"Shemeji, ni mimi nimeharibu. Alikuwa amekiziba kile chuma kwa sabuni, mimi nikakiosha jana. Sikujua. Mpeni muda akizibe tena, kikauke, alime kesho kutwa."

Opendi alipiga makofi mara moja. "Mnaona? Mwanamume anajificha nyuma ya nguo ya mama yangu! Mama, nani amekufundisha maneno hayo? Akello?"

"Nyamaza, Opendi," John Paul akasema. Yeye si mtu mbaya. Ni mtu wa utaratibu. "Mkwe, umesikia yaliyosemwa. Je, mama yako amekuharibia kazi?"

Na hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Nilidhani nimemfungulia mlango. Mkwe hawezi kusimama mbele ya ukoo akasema mama mkwe wake ameharibu kitu. Hata kama nimeichoma nyumba yake hawezi. Angesema ndiyo, angekuwa amenitukana mbele ya watu, na hakuna mzee ambaye angempa mke baada ya hapo.

Emong alijibu akiwa bado ametupa mgongo. "Hapana, mzee. Mama hakuharibu kitu. Mama ni mtu safi. Kazi ni ya mikono yangu."

"Basi," John Paul akasema. "Lima."

Nilirudi jikoni. Akello aliniachia nafasi ya kukaa.

Emong alifunga kabureta kwa robo saa. Kabla ya kuirudisha ile floti aliikausha kwa shati na kupuliza pale penye kitundu, kama mtu anayepuliza jicho la mtoto. Akazungusha hendeli, trekta likawaka. Akalishusha shambani, akateremsha jembe, na udongo ukaanza kufunguka. Sikutegemea. Nilimwangalia Akello. Alikuwa amenyanyuka kwa vidole vya miguu, anatazama juu ya ukuta.

"Anashika koki," alininong'oneza. "Mama, tazama mkono wake wa kushoto. Anaifunga petroli yeye mwenyewe na kuifungua. Injini ikitaka kufurika, anafunga. Ikitaka kufa njaa, anafungua. Anafanya kazi ya floti kwa vidole."

Na ndivyo ilivyokuwa. Mkono mmoja kwenye usukani, mmoja chini ya tangi. Trekta lilikohoa, likatulia, likakohoa, likatulia. Alilima mstari wa kwanza. Akageuza. Akalima wa pili. Kwa saa nzima alikwenda na kurudi hivyo hivyo, ameinama upande kama mtu mwenye kichomi, na mistari ilikuwa imenyooka. Wazee waliacha kuzungumza. Mmoja wao alisema, "Huyu anajua." Mstari wa mwisho ulipoanza, Akello alimfunga mtoto mgongoni vizuri, akachukua mfuko wake mdogo nyuma ya mlango. Ulikuwa umepangwa tayari.

Opendi alikuwa ametembea kando ya shamba muda wote. Sasa alisimama mbele, akainama, akatazama chini ya tangi. Yeye pia si mjinga. Baba yake alimfundisha kuendesha trekta lile akiwa na miaka kumi na mbili.

"Mikono yote miwili kwenye usukani!" alipiga kelele. "Baba aliendesha kwa mikono miwili! Wazee, huyu analibeba trekta, halilimi! Nilisema alifufue. Maiti ukiishika mkono haijafufuka!"

Emong hakusikia au alijifanya hakusikia. Opendi akaenda akasimama mbele kabisa, kwenye njia ya magurudumu. "Mikono miwili, ama unikanyage!"

John Paul aliinuka nusu. Nilisubiri aseme kitu. Alitazama trekta, akamtazama mwana wa kaka yake, akaketi tena.

Emong aliweka mkono wa kushoto kwenye usukani. Opendi akasogea pembeni, anatabasamu.

Trekta lilikwenda. Nilihesabu hatua, na kila hatua nilimwomba Mungu. Zilibaki kama thelathini, zikabaki ishirini. Moshi ukaanza kuwa mweusi. Petroli ilianza kudondoka kwenye kabureta, halafu kutiririka, tukaiona iking'aa kwenye jua. Injini ilipiga mara mbili, mara tatu, kama mtu anayetaka kupiga chafya ikakataa. Ikazima hatua kumi na mbili kutoka mwisho wa shamba. Baadaye nilikwenda kuzihesabu kwa miguu yangu.

Emong alifunga koki kwanza ili petroli isimwagike kwenye udongo wetu. Akashuka. Akafuta usukani kwa shati.

"Limezima," Opendi alisema.

"Limezima," John Paul akakubali. Alijikuna shingo. "Neno lilikuwa neno. Mke atabaki. Mtoto ni wa ukoo wa baba yake, na akiacha ziwa atapelekwa."

"Ana meno sita, mzee," Opendi akasema. "Anakula ugali. Kwa nini tufunge safari ya pili? Aende leo, baba yake yuko hapa na baiskeli."

Hakuna aliyesema hapana. Patroba alikuwa akitazama viatu vyake.

Peace ndiye aliyetumwa kumchukua. Alikuja jikoni akilia waziwazi, akasema, "Nisamehe, dada." Akello hakupigana. Alifungua fundo la kanga mwenyewe, akamnyonyesha Alungat upande mmoja, akamnyonyesha na wa pili, huku Opendi akiita kutoka nje kwamba jua linapanda. Akampa Peace mtoto pamoja na ule mfuko. Humo ndani, nguo za mtoto zilikuwa juu na zake chini. Hakuzitoa zake.

Emong alimfunga binti yake kifuani kwa ovaroli, mikono ya ovaroli ikiwa fundo mgongoni. Sanduku la spana alilifunga nyuma. Aliwashukuru wazee. Alungat alikuwa anacheka, anapiga kengele ya baiskeli.

Jumanne iliyofuata Opendi alileta fundi mwingine kutoka Tororo, mwenye gesi na risasi ya kuchomelea. Aliziba kitundu kabla chai haijachemka. "Aliyefanya kazi hii amefanya vizuri sana," alimwambia Opendi. "Mimi sijafanya kitu. Kilibaki hiki kidogo tu." Siku hiyo hiyo Opendi alinilimia shamba langu lote la karanga, akaja jikoni na matope miguuni, akauliza kama nimefurahi.

Patroba alimchukua Akello baada ya mavuno. Hampigi. Hunitembelea kila mwezi na sukari. Akello naye huja, anachota maji, anasafisha kibuyu, anafanya yote bila kuambiwa. Wiki iliyopita tulikuwa tunamenya karanga, sisi wawili tu, nikaona siwezi tena.

"Mwanangu," nikamwambia, "mimi nilitaka kumtendea wema."

Aliendelea kumenya. Ganda, karanga, ganda, karanga.

"Najua, Mama," akasema. "Sogeza ungo."